Moko Ilinipa A, KCSE Ikanipa B+

Alhamisi ya Desemba 29, 2016 nilikuwa jikoni kwetu mtaani Umoja, Nairobi, nikikanda unga wa chapati. Zamu ya kupokea chama, kile kikundi cha kuchangiana pesa, ilikuwa ya Mama, na wanawake kumi na wawili walikuwa wameshaketi sebuleni. Matokeo ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza kidato cha nne hapa Kenya, tulizoea kuyangoja hadi mwaka mpya uchanganye, kwa hivyo sikuwa na presha yoyote. Ghafla redio ya jirani ikapandishwa sauti: Waziri wa Elimu, Fred Matiang'i, ametangaza matokeo.

Nilinawa mkono mmoja, nikachukua simu ya Mama, nikatuma nambari yangu ya mtihani. Mtandao ulikuwa umelemewa. Jibu liliingia chapati ya nane ikiwa kwenye tawa. B+, pointi 68 kati ya 84. Nilisoma jina mara mbili nikidhani wamenitumia la mtu mwingine.

Pale sebuleni Mama alikuwa akiitwa Mama Daktari tangu Agosti. Tangu matokeo ya mtihani wa mwigo, yaani moko, yaliponiandikia A ya pointi 82.

Naandika haya kwa sababu kila mwaka mtu hunipigia simu, mzazi au mtahiniwa, na swali ni lile lile: imekuwaje? Mazoezini alikuwa anapasua, mtihani wenyewe ukampasua. Sasa niko mwaka wa intani hospitalini, kwa hivyo watu hudhani nina siri. Sina. Ninachojua nilikijua kwa kuanguka, na nilichelewa sana kukijua, kwa sababu mwanzoni nilipata kisingizio kizuri mno.

Kisingizio chenyewe ni hiki. Mwaka wa 2015 wanafunzi waliopata A nchini walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka wetu, kati ya watahiniwa zaidi ya 570,000, A zilikuwa 141. Soma tena: mia moja arobaini na moja. Serikali ilikuwa imeamua kuziba mianya ya wizi wa mtihani. Karatasi ziliwekwa kwenye makontena yenye kufuli mbili, walimu wakuu wakawa wanazifuata wenyewe kila asubuhi, na muhula wa tatu siku za wazazi na za maombi zikapigwa marufuku shuleni. Basi nyumbani kwetu ikaelezwa kwamba mtoto hakuanguka, nchi nzima imeanguka. Baba alilirudia hilo kwa kila mgeni, mpaka nikaliamini.

Lililonizindua ni jirani yangu wa dawati. Yeye moko alipata B+, na KCSE akapata B+. Makontena yale yale, kufuli zile zile, askari yule yule mlangoni. Mbona yeye hakushuka hata hatua moja?

Nilikaa na swali hilo Januari yote. Jibu nililolipata lilinitia aibu, lakini ndilo lililonisaidia, na kwangu ndilo kiini cha jambo lote hili. Alama ya mazoezi si yako peke yako. Ni yako pamoja na wote waliokusaidia kuipata. Siku ya mtihani wasaidizi wanabaki nje ya lango, unaingia peke yako, na kile kinachotoka ndicho chako. Mimi sikushuka kutoka 82 hadi 68. Nilikuwa 68, au 70 siku njema, na zile pointi nyingine kumi na kitu nilikuwa nimeazimwa bila kujua nani aliniazima.

Nikupe mfano wa karatasi ya tatu ya Kemia, ile ya maabara, maana ndiyo iliyonivunja. Ina alama 40, saa mbili na robo. Swali la bureti, ile neli ndefu ya kupimia kimiminika, huwa na jedwali lenye alama tano, na wasahihishaji wanazigawa hivi: moja kwa jedwali lililojaa, moja kwa desimali zinazofanana, moja kwa usomaji ulio karibu na wa mwalimu, moja kwa wastani uliokokotolewa sawasawa, na moja kwa jibu la wastani huo. Katika moko, kabla hatujashika pipeti, habari ilikuwa imeshazunguka benchi kwa benchi: ya mwalimu ni 24.5. Basi kila mtu akaandika 24.5, 24.4, 24.6, na alama tano mfukoni. Hakuna aliyeona ni wizi. Hata mwakenya, kile kikaratasi cha majibu cha kuficha, haukuhitajika, ilitosha kuwa na masikio.

Halafu ile sehemu ya kutambua chumvi. Fundi wa maabara alikuwa mtu wa watu, na orodha ya kemikali huwa inatangulia ili shule ijitayarishe. Tuliingia tukijua ni zinki. Unamimina haidroksaidi ya sodiamu, mashapo meupe yanakuja, unaendelea kumimina mpaka yayeyuke. Nilimimina mpaka yakayeyuka kwa sababu nilijua yatayeyuka. Zingatia hapo. Mkono wangu uliongozwa na jibu nililokuwa nalo kichwani, wala sikuwa nikiangalia kilichokuwa kikitokea ndani ya neli.

Novemba nikasimama kwenye benchi lile lile. Fundi hakuinua macho. Askari alikuwa mlangoni na bunduki begani, na mwalimu aliyesimamia alitoka shule nyingine. Nikaweka matone manne, mashapo meupe yakaja. Nikaongeza matone mawili matatu, yakabaki. Nikaandika kwamba hayayeyuki. Ukishaandika hivyo kwenye safu ya uchunguzi, safu ya hitimisho inakufuata kaburini, na jaribio linalofuata linajengwa juu ya kosa. Jirani yangu aliniambia baadaye kwamba ya kwake yaliyeyuka. Alimimina karibu nusu ya neli na kutikisa, kwa sababu hakujua ni kitu gani, na asiyejua hana njia ila kufuata maagizo. Usomaji wangu wa bureti nao ulikuwa 23.1, 24.0, 23.6. Hapo hata wastani hauna maana.

Kemia ikatoka B-. Mwenye ndoto ya udaktari anajua maana yake. Ili kuingia MBChB, yaani shahada ya udaktari, unatakiwa uwe na angalau B katika Baiolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Kwa hiyo B+ yangu ya jumla haikunisaidia kitu, hata kama Baba angeuza shamba anilipie mwenyewe. Pointi za klasta, zile za masomo manne ambayo kozi inayataka, zinazotumika kugawa nafasi za chuo kikuu, nazo hazikunihurumia. Hesabu tuliyokuwa tukiipiga ni hii: chukua jumla ya masomo yako manne ya klasta ugawanye kwa 48, zidisha kwa pointi zako zote ulizogawanya kwa 84, tafuta kipeo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Kwa moko nilikuwa karibu 46.9. Kwa KCSE, 38.9. Somo moja likikuangusha linakuangusha mara mbili, kwenye klasta na kwenye jumla.

Wasaidizi wengine walikuwa wapole zaidi, na hao ndio wagumu kuwagundua. Saa, kwa mfano. Kila jioni wakati wa prepu nilifanya karatasi ya Hisabati na nikajivunia 90. Lakini katikati nilienda kunywa maji, nikamjibu mwenzangu swali, nikakaa na swali la duara dakika kumi na tano hadi likafunguka. Karatasi halisi ni dakika 150 kwa alama 100, yaani dakika moja na nusu kwa kila alama. Kemia ya kwanza na ya pili ni vivyo hivyo, dakika 120 kwa alama 80. Swali la alama tatu lina dakika nne na nusu. Zikiisha, liache. Mimi sikuwa nimewahi kuacha swali maishani mwangu, na siku ya mtihani niliacha Sehemu ya Pili ikiwa na swali zima halijaguswa, alama kumi, kwa sababu ya ubishi na swali moja la alama nne.

Msaidizi mwingine ni kumbukumbu. Moko za shule nyingi hutungwa kwa kuokota maswali ya KCSE za nyuma na ya moko za kaunti nyingine. Mtu aliyemaliza vitabu vitatu vya mitihani iliyopita anakutana na marafiki wa zamani. Anayekumbuka jibu na anayejua kulitafuta wanapata alama ile ile, ila mmoja wao atashuka Novemba.

Na msaidizi mkubwa kuliko wote nilikuwa mimi mwenyewe. Kidato cha nne nilifanya mitihani mitano mikubwa. Nilipata 71, 69, 74, 72, kisha 82. Ukiniuliza mimi ni wa ngapi, nilisema themanini na mbili. Ningemuuliza Mama wastani wa faida ya biashara yake naye akanitajia siku ya Krismasi, ningemcheka. Ile 82 ilikuwa siku yangu ya Krismasi. Ukichukua zile nne za mwanzo, wastani ni 71.5, na KCSE ya 68 inaonekana jirani kabisa, si ajali wala uchawi wa mtu.

Hapa nitoke kidogo. Wale wanaofanya MCAT, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari vya Marekani, alama zao huanzia 472 hadi 528, na wenye mtihani wanakuambia waziwazi kwamba jumla uliyopewa ina upana wa kama pointi mbili kila upande. Aliyepata 508 huenda kwa haki ni 506 au 510. Napenda uungwana huo. Huku kwetu tunapewa nambari moja kavu na tunaishikilia kama kitambulisho. Kwa hivyo ukishuka kidogo, pointi mbili tatu kati ya 84, hujashuka. Umekaa ndani ya upana wako. Ukishuka kumi na nne kama mimi, huo si upana, hilo ni shimo, na kazi yako ni kutafuta lilikochimbwa.

Mwaka wa 2017 niliamua kurudia kama mtahiniwa wa kibinafsi. Nyumbani hawakufurahi. Mama aliniuliza swali moja tu, akiwa anakunja nguo: "Sasa mwanangu, ni nini utafanya tofauti?" Nikamwambia nitasoma kwa bidii zaidi. Akasema, "Bidii ulikuwa nayo." Akaendelea kukunja.

Hilo lilinichoma, kwa sababu alisema kweli. Sikuwa mvivu. Nilikuwa nalala saa tano za usiku na kuamka saa kumi alfajiri, kitu ambacho leo ningemkataza mgonjwa wangu.

Nilichobadilisha ni kufukuza wasaidizi mmoja mmoja. Siku za kazi nilipanda matatu hadi mjini nikasome maktaba ya McMillan, ile yenye simba wawili wa mawe ngazini, karibu na Msikiti wa Jamia. Nilikuwa na sababu ya kuichagua. Meza si yangu, kiti kinalia, nje wachuuzi wanaita bei, mtu anakohoa, na hakuna anayejua jina langu. Jumamosi mbili kwa mwezi nilifanya karatasi nzima kuanzia saa mbili asubuhi, saa ya mkononi ikiwa mezani, na dakika zikiisha naweka kalamu chini hata kama niko katikati ya sentensi. Mara ya kwanza niliacha alama 19 za Hisabati bila kuzigusa. Niliumia, lakini hizo ndizo alama 19 nilizozipoteza 2016 bila kuziona.

Maswali niliyowahi kuyaona niliyazungushia duara kabla ya kuanza, na nikayasahihisha kando. Nilikuwa na hesabu mbili kila mara, ya maswali yote na ya mageni tu. Ya mageni ilikuwa chini kwa pointi saba hadi kumi mwezi wa tatu. Ndiyo niliyoiandika ukutani.

Kusahihisha nako nilimpa mtu asiyenipenda. Natania, ila si sana. Mwalimu wako anaujua mwandiko wako na anajua unachotaka kusema, anakuongezea nusu alama hapa, nusu pale. Nilimpata mwalimu mmoja mstaafu pale mtaani, mkali kama siki, akasahihisha kwa mwongozo na kalamu nyekundu. Nilipoandika "yaliyeyuka" bila kusema yaliyeyuka katika ziada, yaani baada ya kumimina zaidi, alinipa sufuri. Nikamwambia, "Mwalimu, si unajua nilimaanisha nini?" Akanijibu kwamba yeye analipwa kusoma, si kuota.

Na maabara. Shule ndogo ya kutwa iliyonisajili ilinikubalia niingie Jumamosi mchana. Nilimwomba kijana wa maabara anichanganyie chumvi asiniambie ni ipi, hata nikibembeleza. Wiki nne za kwanza nilikosea zaidi ya nusu. Nilijifunza upya kumimina matone matatu, kutazama, kutikisa, kisha kumimina kwa wingi, kutikisa, kutazama tena. Kitu cha kidato cha pili. Nilikuwa nimekaribia udaktari bila kukijua.

Moko yangu ya 2017 ilikuwa 73. Hakuna aliyeniita daktari. KCSE ikaja 75, A-, Kemia A-. Klasta ikawa karibu 43.9, na hapo nikapata nafasi ya udaktari ya serikali, si katika chuo nilichokuwa nimekichora kwenye daftari, lakini udaktari ni udaktari.

Wewe ambaye matokeo yameshatoka na umeshuka, haya yote huenda yanakuchosha, kwa hivyo nitasema machache. Usiamue chochote wiki mbili za kwanza, na usimruhusu mjomba aamue kwa niaba yako. Chukua karatasi, andika somo kwa somo moko ilikuwa ngapi na mtihani ukawa ngapi. Ukiona umeshuka kidogo kidogo kote, tatizo ni saa, usingizi au hofu. Ukiona masomo sita yamesimama na moja limeporomoka, tatizo liko ndani ya karatasi moja, na hilo linarekebishika. Kurudia kuna maana tu kama unaweza kumjibu mtu swali la Mama. Kama huwezi, usirudie. Utapoteza mwaka na kupata namba ile ile. Jirani yangu wa dawati hakurudia. Alikwenda KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, akasomea utabibu, diploma, na leo ni afisa wa kliniki katika kituo ambako kwa siku moja anaona wagonjwa wengi kuliko mimi. Juzi nilimpigia simu kumuuliza dozi. Sikuona haya.

Kuhusu hofu ya siku yenyewe, watu huuliza sana na mimi sina mengi. Mwaka wa kwanza nilitetemeka, wa pili nilitetemeka vile vile. Tofauti ni kwamba mara ya pili mikono ilikuwa imezoea kufanya kazi huku inatetemeka. Kula ulichozoea. Usijaribu mayai mawili na kahawa siku hiyo eti kwa sababu ni mtihani.

Wiki iliyopita binti wa jirani yetu, kidato cha nne, aliletwa na mama yake nimpongeze. Amepata 81 katika moko. Anataka udaktari. Mama yake alikuwa anatabasamu hadi masikioni, na nikamkumbuka Mama. Nikampa pongezi zake, kisha nikamwomba karatasi ya Kemia na penseli.

"Zungushia duara yale uliyokuwa umeshayaona kabla," nikamwambia.

Akacheka kidogo. Akaanza. Duara la kwanza, la pili, akageuza ukurasa. Mama yake akaacha kuongea. Alipofika nyuma akahesabu kwa ncha ya penseli, midomo ikicheza, akarudi mwanzo akahesabu tena.

"Kumi na saba," akasema. "Kati ya ishirini na tisa."

Nikamwambia akae tuanze na yale kumi na mawili.